Ile chuma ya ine chini ya gari ya Mujomba

Ni mimi. Musitafute mutu mwingine.

Tangu ile arusi, hapa kwetu Rwambuzi watu wote wanasema gari ya Mujomba ililogwa. Hapana! Hakuna mulozi aliyeigusa. Ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa ine, na naandika hii nikicheka, lakini ni ile kicheko ya mutu anayeficha uso na daftari.

Mujomba, ndugu ya mama yangu, ni fundi. Yuko na gari moja ya zamani, rangi ya maziwa, macho ya mviringo kama ya chura. Wakati wa vita aliitoa magurudumu, akaificha mu nyumba ya ng'ombe, juu ya mawe, akaifunika na majani. Wenye bunduki walipopita, walichukua ng'ombe, gari wakaacha. Kuku ndizo zilitagia ndani. Sasa kumetulia, hata kama viatu bado tunaviweka karibu na kitanda, tayari kwa kukimbia. Mujomba akasema gari itatoka kwa kazi moja: kupeleka yaya Furaha, dada yangu mukubwa, kanisani. Familia ya bwana-arusi ni wafanyabiashara wa Butembo, wenye magari mapya. Alitaka waone kazi ya mikono yake.

Shida ilikuwa chini. Mukojo wa ng'ombe ulikuwa umekula sakafu ya gari. Zile pembe ine kriki inashika kwa kuinua gari zilikuwa laini kama mukate. Ukiweka kriki, si gari inapanda, ni kriki inapanda ndani!

Basi Mujomba akakata vipande ine vya chuma nene mu shasi ya lori iliyoungua. Vitatu akachomelea mwenyewe. Mbele ya kufikia cha ine, wakamuita kule Nizi kutengeneza mashine ya kusaga mawe. Akaniachia vyombo na maneno haya: nikwangue kutu yote kwanza, kisha nichomelee pole pole, kama vile alinifundisha.

Sasa sikia ujinga.

Ile juma, kengele ya masomo yetu, kule tunasomea, iliibiwa. Mie pia nilikuwa natafutwa na prefe, mukubwa wa masomo, juu niliiga sauti yake nyuma ya mulango wa biro, ile ofisi yake, nikaruhusu darasa tatu zirudi nyumbani. Kondwite yangu, zile pointi za tabia, ilikuwa imekufa, inangojea kuzikwa. Nikiwa nakwangua ile chuma ya ine, nyundo ikaiangukia: ngeeee! Sauti tamu, inafika mpaka kwa jirani! Nikaona wokovu wangu.

Kesho yake nikaipeleka kwa prefe, nikasema ni kengele mupya, zawadi ya familia. Akafuta makosa yangu, akanisimamisha mbele ya bendera, masomo yote wakanipigia makofi. Mie, mutu wa kupiga magoti kila juma!

Nyumbani nikachukua bati ya kopo ya mafuta ya musaada, ile tulitengenezea milango kisha ya kukimbia vita. Nikaikunja mara ine, nikaibandika na mastiki, ile gundi nene ya mafundi, nikapaka rangi nyeusi na masizi. Ikatoka muzuri kushinda zile tatu za Mujomba.

Aliporudi, akalala chini ya gari na nyundo. Ya kwanza: nge. Ya pili: nge. Ya tatu: nge. Alipogonga ya ine, nikapiga chafya kubwa hata kuku zikaruka. Akatoka, akaniambia nivae trikoti, baridi itaniua. Nilicheka siku mbili.

Siku ya arusi mvua ilikuwa imenyesha. Maua mbele, honi, watoto wanakimbia nyuma. Karibu na masomo yetu, gurudumu ya nyuma, upande wa kuume, ikatoka hewa. Na ile ya ine ilikuwa wapi? Nyuma, upande wa kuume!

Yaya Furaha akakataa kushuka mu matope na robe nyeupe ya arusi. Mujomba akamwambia akae tu, chini kuko nguvu, akanionyesha na kidole.

«Mutoto wa dada yangu ndiye alichomelea.»

Akaweka kriki. Gari ikapanda, ikalia krii, krii. Nikatafuta chafya, haikuja. Akatoa gurudumu. Boluni moja ya kufungia gurudumu ikaangukia chini ya gari, akapiga magoti, akaingiza mukono mpaka bega.

Ule mukono ndio unatulisha siye wote.

«Mujomba, toa mukono.»

«Juu ya nini?»

«Ya ine haina chuma. Niliweka bati ya kopo.»

Alivuta mukono, na kriki ikaingia kama kidole mu bugali ya moto. Gari ikaanguka. Kichwa ya kriki ikatokea kati ya miguu ya yaya, ikapasua robe mpaka magoti.

Yaya akaangalia kriki, akaniangalia.

«Petit, mudogo wangu, sasa utanibeba weye.»

Kabla sijajibu, kule masomo kengele ikalia: ngeeee! Mujomba akageuza kichwa.

«Ile ni chuma yangu,» akasema.

Nilimubeba yaya mu mugongo mpaka kanisani, matope kwa magoti, mbele ya wale wageni wote wa Butembo. Mutu muzito!

Lakini hii ndiyo haichekeshi: Mujomba hakunitaja kwa mutu. Alisema tu gari imezeeka. Watu wakaongeza ulozi, na wateja wawili wakapeleka magari yao kwa fundi mwingine. Ndiyo maana naandika. Kazi yake ilikuwa safi. Ubaya ulikuwa wangu.

Chuma ilibaki masomo. Mujomba alisema zawadi hairudishwi, lakini prefe, nilipomuambia ukweli, alirudisha makosa yangu yote ya kondwite! Chuma ingine nilikata mwenyewe na musumeno wa mukono, kwa magaribi tisa. Na sasa kila mara Mujomba anainua ile pembe, ananikalisha ndani, juu ya kriki kabisa. Matako yangu ndiyo garanti.

Weye unayesoma, kama wamekuachia kazi ya pale chini, ambako hakuna anayeinama kuangalia, ifanye. Siku moja mukono wa mutu unayemupenda utaingia pale.

Kengele ikilia asubui, wenzangu wanakimbilia darasani. Mie nasimama kidogo, nahesabu mu kichwa vidole vya Mujomba. Nikifika kumi, naingia.