Kichaka changu na mikaratusi ya shemeji

Dhahabu ilipopamba moto huku Tarime, wachimbaji walitafuta magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Shemeji yangu akafyeka miti yote ya asili bondeni kwake, akapanda mikaratusi ya kuwauzia. Kisha akataka na kichaka changu, chenye chemchemi.

"Shemeji, mikuyu hii inakupa nini? Nyani tu!"

"Inanipa maji. Hiyo yako itakupa nini?"

"Mabati!"

Nikakataa. Kwangu, chini ya mikuyu, udongo ni mweusi na laini, mvua ikinyesha inazama palepale. Mikaratusi yake ilirefuka upesi, siwezi kusema uongo, na mabati akaezeka. Lakini chini yake hata nyasi hazikuota. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu, mvua ikateleza juu na kuondoka na udongo. Kiangazi kimoja kikali, kijito chake kikakauka kabisa.

Akaja na ng'ombe wake, mbavu nje.

"Shemeji, wanakufa hawa."

"Watakunywa. Ila akina mama wajaze ndoo kwanza. Mkeo yule pale, amekutangulia."

Akangoja juani na fimbo yake, maana kivulini palikuwa pamejaa wanawake.