Kobe na Panzi Juu ya Benchi la Fundi Lenzi

Haya, naandika. Nimesema mara tatu sitaki, na aliyeniomba, mtoto wa ndugu yangu, akanijia na daftari jipya na kalamu mbili, eti moja ikikauka nichukue nyingine. Shangazi mtu atakimbilia wapi? Shule yangu iliishia pale mwalimu alipoanza kuunganisha herufi. Atakayecheka mwandiko acheke, lakini asome mpaka chini. Na asiniambie kwamba gemu ni mambo ya watoto. Jambo hili limenitoa jasho mimi, mtu mzima na mvi zangu.

Mwenye mkasa ni mdogo wangu wa tumbo moja. Jina tulilompa nyumbani limeshasahaulika. Mji mzima unamwita Fundi Lenzi, kwa ajili ya kile kioo cheusi anachobana jichoni. Alikuwa fundi saa miaka thelathini na minne, chini ya ngazi za jengo la soko: benchi moja, taa moja, kiti kisicho na mgongo. Simu zilipoenea watu wakaacha kuvaa saa. Wenzake wakafunga. Yeye akakaa tu akihesabu miguu ya wapita njia, na kwa kinyongo akaapa hatamiliki simu maisha yake yote, na hana mpaka leo. Kisha mtu akamletea mashine ya gemu, hizi za kushika kwa mikono miwili, kitufe kimezama. Akaifungua. Jioni akaja kwangu macho yanamng'aa.

"Dada, ndani ni saa tupu! Mishale tu ndiyo haina."

Toka siku hiyo akawa daktari wa gemu.

Mashine zinazogombaniwa hapa kwetu ni mbili. Majina yaliyoandikwa kwenye makasha yanavunja ulimi, kwa hiyo watu wamezibatiza wenyewe. Moja ni Kobe: nene, ya kijivu, nzito, ukiidondosha inakutazama tu. Nyingine ni Panzi: nyembamba, ya kijani, nyepesi mkononi, skrini yake inawaka mpaka unafumba jicho. Watu wamegawanyika. Kuna ndugu wa nyumba moja wamenuniana kwa ajili ya vidude hivi. Na Panzi ilikuwa ikiuzwa na mkwe wake Fundi, mume wa huyu huyu binti aliyeniletea daftari. Kijana mtanashati, tai shingoni hata siku ya mapumziko, ndiyo maana akaitwa Bwana Tai. Nakiri nilimpenda. Alikuwa hanioni na kikapu ila anipokee.

Sasa, sista mkuu wa wodi ya watoto alipata mfadhili wa kununua mashine kumi na mbili, kwa ajili ya watoto wanaolazwa muda mrefu, wale waliofungwa plasta mpaka kiunoni. Gemu yeye haijui. Akaja benchini na makasha mawili, Kobe na Panzi, yote na plastiki yake, kila duka limetoa moja ya kujaribia.

"Mzee wangu, maneno ya wauzaji nimeyachoka. Kaa nazo siku tatu, uniambie tununue ipi."

"Sista, moja inauzwa na mkwe wangu. Huogopi nitapendelea?"

"Nimeshakuulizia. Nasikia hata mama yako ulimwambia saa yake ni bandia."

Ni kweli. Mama hakumsemesha wiki mbili.

"Tena mkwe wako ana moyo," Sista akaongeza akiondoka. "Ametuachia Panzi nyingine wodini, ya bure. Wanapokezana kutwa."

Fundi akavimba kichwa kwa fahari, akaanza kazi. Alizipima kwenye mizani ya jikoni. Alizichaji zikajaa, akaziwasha, akatazama saa ya ukutani: Kobe ikadumu saa nane na nusu, Panzi ikazima baada ya saa tano. Akazipeleka juani, Panzi ikasomeka, Kobe ikawa giza. Alicheza na gemu ya magari pia, na gari lake liliingia mtaroni mara zote, akalaumu usukani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna muuzaji angelifikiria. Akajilaza chali sakafuni chini ya ngazi, miguu nje, akainua mashine juu ya uso wake kama mtoto aliyefungwa plasta. Watu wakamruka.

"Fundi, umeanguka?"

"Napima!"

Kobe ilimchosha mikono kabla ya nusu saa, ikamdondokea puani, damu ikamtoka. Panzi akakaa nayo saa nzima, akachoka nayo akailaza kifuani na waya wake wa chaji, usingizi ukamchukua. Alipoamka kifua kilikuwa na joto. Akafikiri ni uzee.

Siku ya tatu asubuhi alikuwa ameshaandika kurasa mbili na nusu. Panzi imeshinda. Alifurahi, kwa sababu ameshinda mkwe na yeye hajadanganya. Kilichobaki ni kuzifungua aone moyo wake, maana Fundi Lenzi hasifu kitu ambacho hajakiona ndani.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya mafundi saa. Saa ikifunguliwa, fundi hukwaruza alama yake ndani ya mfuniko kwa ncha ya sindano, alama ndogo kuliko mguu wa sisimizi, na tarakimu ya mwezi. Mwenye saa haioni maisha. Ni ya fundi, ili saa ikirudi ajue nani aliingia humo na lini. Mdogo wangu alihamia kwenye gemu na desturi yake. Alama yake ni vistari viwili na nukta. Mashine iliyokufa, isiyofaa kuwashwa tena, huikata kwa mkwaruzo wa tatu.

Akafungua Kobe. Safi. Akafungua Panzi, skrubu sita, akainua gamba, akabana lenzi jichoni.

Vistari viwili. Nukta. Mkwaruzo wa tatu.

Fundi akaitoa lenzi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Vistari viwili, nukta, mkwaruzo. Mashine mpya, kutoka kwenye kasha jipya, plastiki kaichana yeye kwa kucha zake mwenyewe, na ndani yake mkono wake! Akafunua utepe mpya uliozungushwa betri, na chini yake betri ile ile, imetuna kama tumbo la chura. Alikuwa akiijua. Ililetwa na mwalimu mmoja mwezi wa pili, imeunguza shuka. Fundi alimwambia, "Hii imekufa, usiichaji tena."

Alitakiwa aivunje siku ile ile. Lakini fundi saa hatupi skrubu. Aliyezoea kutafuta nati moja siku nzima hawezi kuponda kitu chenye nati arobaini. Alizilimbikiza mashine zilizokufa kwenye boksi chini ya benchi. Na Bwana Tai alipokuja, "Baba, nipe hizo maiti nikatoe vipuri," akampa boksi zima, tena akamshukuru kwa kumpunguzia uchafu.

Akapapasa kifua chake mahali alipoilaza. Ndipo akakumbuka ile ya wodini.

Mtu wa miaka sitini na saba alikimbia. Bila kufunga, bila viatu vya maana, lenzi ingali jichoni, bisibisi mkononi. Mlinzi wa hospitali alimwona mzee ana jicho moja jeusi na chuma mkononi, akamdaka.

"Mzee, unakwenda kumfanya nani?"

"Niachie! Kuna moto kitandani!"

Mlinzi akamwachia, wakakimbia wote wawili.

Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na msichana wa miaka minane, plasta mguu mzima, Panzi ameificha chini ya mto ili wenzake wasimnyang'anye, na waya umechomekwa ukutani. Fundi akachomoa waya, akaivuta.

"Mwizi! Sista, mwizi mzee!" mtoto akapiga kelele. "Nilikuwa nafika hatua ya tisa!"

Gamba lilikuwa limeachana pembeni. Ilikuwa ya moto hata akairusha mkono huu na mkono ule kama kaa la moto. Akatoka nayo mbio mpaka uani, akaiweka kwenye zege. Sista akafika akihema, akifikiri mzee amerukwa na akili. Alipofungua kinywa kumwambia hivyo, mashine ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, ikafuka moshi mweupe, ikaruka moto.

"Mzee wangu," Sista akasema. "Ilikuwa chini ya mto."

Fundi akaenda moja kwa moja dukani kwa mkwe.

"Karibu, Baba. Keti."

"Sikai. Umeuza ngapi?"

"Ngapi za nini, Baba?"

"Maiti zangu."

Bwana Tai akalegeza tai. "Kumi na moja, mbali na mbili za Sista. Lakini Baba, tulimalize hili kifamilia. Likitoka nje, duka limekwisha. Duka likiisha, binti yako atakula wapi?"

"Kwangu."

Nyuma ya kaunta binti alikuwa amesimama, kikausha nywele kinavuma mkononi. Ndicho alichokuwa akipashia joto plastiki za makasha zibane kama mpya, kasha baada ya kasha, miezi yote ile.

"Uliniambia zinatoka kiwandani bila plastiki," akasema.

"Mke wangu, si sasa."

"Ni mimi nimezifunga! Kwa mikono yangu!" Akakizima kikausha, akakiweka. "Nani alinunua? Taja, mmoja mmoja."

Akataja tisa. Wawili hakuwakumbuka, walikuwa wapita njia.

Yaliyompata Bwana Tai baadaye yako kwa wanaohusika. Binti yuko kwa baba yake. Fundi alizirudia zile kurasa zake mbili na nusu, hakufuta neno, akaongeza mstari mmoja chini: "Panzi ni bora kuliko Kobe. Nunueni Kobe, maana Panzi ya hapa sina uso wa kuidhamini." Wodi imenunua Kobe, naye amewachongea watoto vishikizo vya mbao wasipigwe puani. Kisha baba na binti wakazunguka nyumba kwa nyumba, na zile tisa zote zimezikwa kwenye mchanga.

Mbili ziko nje. Mdogo wangu halali. Kila king'ora kikilia anasimama.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, weka karatasi hii chini. Kama mna Panzi nyumbani, iliyonunuliwa mwaka huu kwenye duka la mkabala na ngazi za soko, chomoa waya sasa hivi, itoe kitandani, iweke nje kwenye zege. Usiifungue, usiijaribu kidogo tu. Mtume mtu amwite Fundi Lenzi, atakuja mwenyewe. Na kama huna, kamuulize jirani. Usinijibu kwamba utauliza kesho.