Mkono Ukutani

Ofisini leo mtu kafungua dawa ya kuchua, na harufu yake imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Tanuf, asubuhi ya baridi, tulipokuwa tukishindana mbio kutoka kwenye magofu hadi ukuta wa nyumba yetu, pumzi zikitutoka kama moshi. Rafiki yangu alikuwa mbele, karibu anishinde kwa mara ya kwanza. Nikateguka mguu penye mawe, nikalia. Akarudi, akanibeba mgongoni. Tulipofika, nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikagusa ukuta.

"Wa kwanza mimi!"

"Ebo! Mzigo nao unashinda?" akacheka.

Ndani, bibi akanichua mguu huku akiuliza nani kashinda, maana kitumbua cha kwanza kilikuwa cha mshindi.

"Yeye, bibi," rafiki yangu akajibu, bado anahema.

Nikakila chote, kingali moto.