Kambare Juu ya Kuni za Maziwa

Mti wa senetwet ukichomwa hutoa moshi mtamu kidogo na mchungu kidogo, na kwetu Wakipsigis moshi huo una kazi moja: kutayarisha kibuyu cha mursik. Kijiti huchomwa hadi kiwe kaa, kaa husuguliwa ndani ya kibuyu, kisha maziwa hutiwa humo na kuachwa yagande. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kipkelion alikuwa akitayarisha vibuyu vyake, moshi ukapita uani kwangu. Mtu mwingine angefikiria maziwa. Mimi nilifikiria samaki, na najua hilo linahitaji maelezo.

Nilikulia chini ya Fort Ternan, pale mashamba ya miwa yanapoanza na mto, baada ya kushuka mbio kutoka milimani, unapochoka na kutambaa. Maji yake hapo yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kona husimama karibu kabisa, na jani kavu laweza kuzunguka mahali pamoja asubuhi nzima. Humo ndimo walimokaa kambare. Baba alifundishwa kuwavua na Baba Akinyi, jirani yetu mkata miwa, Mjaluo mwenye subira nyingi. Vifaa vilikuwa ndoana, mshipi uliofungwa kwenye ufito, na nyungunyungu mnene aliyechimbwa chini ya samadi. Kambare hamezi kwa haraka. Huja akagusa, akaondoka, akarudi. Baba alituambia, mimi na mdogo wangu Chebet, kwamba anayevuta katika mguso wa kwanza huvua majani.

Shida ilikuwa Kogo. Ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake Baba, na nyumba tuliyoishi ilikuwa yake. Kwake samaki alikuwa ndugu wa nyoka, na ndugu hawaachani tabia. Alikuwa ametamka mbele ya kina mama wenzake wa kanisa kwamba siku samaki atakapopikwa ndani ya nyumba yake, yeye atahamia Kedowa kwa mwanawe mkubwa. Kogo hakuwa mtu wa kutamka jambo mara mbili. Mama yetu alikuwa akichuna majani chai upande wa Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliyetuamsha, kutulisha na kutukemea alikuwa Kogo. Hofu yangu kubwa utotoni haikuwa giza wala chui. Ilikuwa Kedowa.

Mwaka ninaousema, mahindi yalinyauka kabla ya kubeba na ng'ombe wetu akapunguza maziwa hadi yakawa ya kuonja. Baba akawa anapika kambare kando ya mto, ndani ya mkebe wa mafuta uliokwisha. Tulikula hukohuko, tukasugua mikono kwa mchanga, kisha kwa majani ya mpera, ndipo tukarudi. Kogo alitupokea mlangoni, akainusa mikono yetu mmoja mmoja.

"Leo mpera umezaa nyoka?" alimwuliza Chebet siku moja.

Chebet, ambaye hakujua kusema uongo, alijibu kwamba ulikuwa umezaa mdogo tu. Kogo aligeuka haraka akaenda kushughulika na kuni. Nadhani alikuwa akicheka.

Kisha mvua ikanyesha huko juu milimani. Kwetu haikufika bado, lakini mto ulipanda na kambare wakauma kama waliotumwa. Baba alivua wengi kuliko tulivyoweza kula. Baba Akinyi akamshauri awakaushe kwa moshi, na achague mti wenye moshi mzuri. Baba alijua moshi mmoja tu mzuri. Akakata senetwet.

Upepo ulipeleka moshi nyumbani. Kogo akadhani kuna jirani anayetayarisha vibuyu, akachukua viwili vyake aje kuomba kaa. Tulisikia salamu zake za uchangamfu nyuma ya miwa kabla hajatokea. Alipotokea, alimkuta mwanawe amechuchumaa, na kambare wamelazwa juu ya moto, sharubu zikining'inia.

"Kipkoech," alisema, "hizo ni kuni za maziwa."

"Najua, Mama."

"Samaki nimekuvumilia. Na kuni pia?"

"Sikujua moshi mwingine unaofaa chakula cha watoto."

Kogo alimwita Chebet, akamshika mkono juu ya kiwiko na kuubonyeza, kama anayepima mbuzi sokoni. Aliushika kwa muda. Kisha akaokota vibuyu vyake na kurudi nyumbani bila kaa.

Asubuhi alifunga mzigo. Nilimlilia hadi nikapoteza sauti, na Baba akaomba radhi kwa kila namna aliyoijua. Kogo alifagia jiko, akatungua vibuyu vyake vyote ukutani. Mlangoni alimwambia Baba, "Mvua inashuka. Watoto wasile nje."

Nilichukulia kwamba alihofia mafua. Kwa miaka mingi niliwaeleza watu kwamba samaki ndiye aliyemfukuza bibi yetu. Mimi ni mtu wa kupanga mambo kwa utaratibu, na nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kulipanga hili, likakataa kukaa. Kogo alikuwa ametaja samaki kupikwa ndani ya nyumba yake. Hakuna samaki aliyekuwa ameingia humo. Baba hakuwa amevunja lolote, na Kogo hakulazimika kwenda popote. Angeweza kubaki, nasi tungeendelea kula mtoni, kwenye mvua. Kurudisha neno lake mbele ya kina mama wa kanisa hangeweza. Kuhama aliweza.

Jioni ya siku aliyoondoka mvua ilitufikia, kubwa, ikipiga mabati hata hatukusikizana. Baba aliwasha moto jikoni. Tulikula kambare tukiwa wakavu.