Siku Nilipoliachia Jeneza la Mwalimu Onchari

Ukinikuta msibani leo utaniona nimesimama nyuma kabisa, karibu na akina mama wanaopika, na hakuna anayeniomba nishike jeneza hata kama wanaume hawatoshi. Mnacheka, lakini wengi wenu mmeisikia ile hadithi ya sokoni iliyotiwa chumvi, na ukweli wenyewe ni mchungu kuliko hiyo chumvi, kwa hiyo kaeni niwaambie mara moja, nikimaliza msiniulize tena.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, sijaoa, karani wa kupima majani ya chai kule juu ya Ikonge, na tena (hapa ndipo aibu inapoanzia) mwalimu wa vijana katika kanisa letu la Kisabato. Kila Sabato alasiri nilikaa nao chini ya paa la mabati nikiwafundisha mambo ya kuepuka: pombe, dansi, sinema. Wiki ile ile ninayoisimulia nilikuwa nimewafundisha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote, hawatembei wala hawamsumbui mtu mpaka siku ya ufufuo. Niliifundisha vizuri mno, wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, nikajiona mtu.

Kesho yake, Jumapili, nikashuka Kisii mjini kuchukua suruali niliyoshonewa na rafiki yangu Ombasa, fundi wa cherehani, ambaye tulisoma naye darasa moja. Nikamkuta amefunga kazi mapema, amevaa koti, anataka kwenda kuona picha.

"Picha gani?" nikamuuliza, kama kwamba inanihusu.

"Ya kutisha. Maiti anaamka. Watu wamezimia, naambiwa." Halafu akanitazama kwa yale macho yake ya mzaha. "Wewe Zablon, si ndiye unayewakataza vijana sinema? Umewahi kuingia?"

"Mimi? Sijaingia."

"Basi unawakataza nini? Askari asiyemjua adui atampiga nani?"

Ndugu zangu, badala ya kuchukua suruali yangu niende zangu, nikaona hapo pana hekima. Nikajiambia, si tumeambiwa tupime mambo yote? Nitaingia kama mpelelezi, nitazijua hila za yule mwovu, nirudi nizieleze kwa vijana kwa ushahidi wa macho. (Ukweli ni kwamba nilitamani kuona maiti akiamka, basi. Lakini tamaa yangu siku hiyo ilivaa tai na kushika Biblia, nami nikaipisha kwa heshima.)

Tukaingia saa tisa mchana, jua linawaka nje, na ndani giza kama la chungu kilichofunikwa. Sitawasimulia picha yote. Kuna mzungu tajiri amekufa, wamemlaza katika jeneza jeusi linalong'aa, ndani ya chumba cha mawe chini ya nyumba yake, na juu ya chumba hicho binti yake anakaa peke yake anadarizi. Mara jeneza linagongwa kutoka ndani. Ko. Yule binti anainua kichwa. Kimya. Ko, mara ya pili. Kimya kirefu, mpaka nikasikia Ombasa akimeza mate. Moyo uliniambia wazi, kama mtu aliyeketi kando yangu: inuka, toka. Nikajibu ngoja kidogo. Nikafunga macho, nikajisifu kwamba siangalii, lakini masikio hayana kope, nayo yakanywa kila kitu. Ko ya tatu, kifuniko kikainuka, na ukumbi mzima ukapiga kelele, na sauti iliyozidi zote, Ombasa aliniambia baadaye, ilikuwa yangu.

Jumatatu asubuhi, kabla hata sijaanza kupima majani, ikaja habari kwamba Mwalimu Onchari amefariki.

Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya yetu tangu sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyenifundisha do-re-mi kwa kunigonga begani, na kila alipotaka kusoma nota alitoa miwani yake kwa utaratibu kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Ilinipasa kulia. Badala yake, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni lile jeneza jeusi. Usiku huo nililala taa ikiwaka. Usiku uliofuata pia, na panya alipogonga sufuria niliita jina la Yesu kwa nguvu hata jirani akagonga ukuta, na aligonga ukuta, jamani, mara tatu.

Jumatano ndiyo ya mazishi. Kabla ya ibada mzee wa kanisa, Mzee Obwocha, mtu mkali aliyenyooka kama nguzo ya simu, akapanga wabebaji sita.

"Zablon, wewe mbele, kushoto. Alikuwa baba yako katika nyimbo."

Pale ndipo ningesema. Ningemwambia, mzee, nimelala siku mbili na taa, sifai. Lakini angeniuliza kwa nini. Nikasema, "Ndiyo, mzee," na sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi.

Kanisa letu liko juu ya kilima na boma la Mwalimu, ambako angezikwa, liko chini, na kati yake kuna njia nyembamba inayopita katikati ya chai, yenye mteremko wa kutisha hata mtu asiyebeba kitu. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa Nyansiongo, mvua yetu ya mchana mnaijua, haichelewi, kwa hiyo Mzee Obwocha akatuambia tuharakishe. Kwaya nyuma yetu ikaanza wimbo. Mjane, Mama Bosibori, akafuata akishikwa na binti zake wawili, na nyuma yao watu labda mia tatu, wa kwetu na wa mpaka Magwagwa, maana Mwalimu alifundisha wengi.

Tulipoanza kuteremka, jeneza likainama mbele, na hapo hapo, kando ya sikio langu la kulia, ndani ya ubao, nikasikia: ko.

Nikamwangalia Nyabuto aliyekuwa mbele upande wa pili. Anaimba, macho yapo njiani. Nikajiambia ni msumari. Ni ubao mbichi. Nikaanza kukariri kimoyomoyo somo langu mwenyewe, wafu wamelala, wafu hawajui lolote, na jasho likanitiririka mgongoni chini ya koti. Hatua kumi. Kumi na tano. Tukafika pale pana kijito cha kuruka, Nyabuto akakanyaga jiwe, tukayumba.

Ko.

Hiyo haikuwa msumari. Kuna kitu ndani kilisogea kikagonga. Nilijua kinachofuata, nilikuwa nimelipia kukijua: kimya kirefu, halafu ya tatu. Na kimya kikawa kirefu kweli, kwa sababu kwaya ilimaliza ubeti wakati huo huo na haikuwa imeanza mwingine. Nikasikia nyayo za watu. Nikasikia radi mbali. Nikawa nahesabu pumzi zangu.

Ko!

"Anatoka!" nikapiga ukelele. "Anatoka! Anatoka!"

Nikaliachia. Sikuliweka, sikumwonya mtu, nililiachia kama mtu anavyoachia kijinga cha moto, nikaruka ndani ya chai na kukimbia, na majani ya chai ya umri ule, wanaoyajua wanajua, hayakimbiwi ndani yake, kwa hiyo baada ya hatua nne nilikuwa nimelala kifudifudi, koti limenasa, suruali mpya aliyonishonea Ombasa imepasuka toka goti mpaka mahali nisipopataja mbele ya watoto.

Nyuma yangu nikasikia kishindo, kisha mlio wa misumari ikichomoka. Nyabuto akalia, pembe ya jeneza ilimwangukia mguu. Halafu watu, kwa kuwa mwalimu wa vijana amesema anatoka, na yeye ni mtu wa kuaminika, wakaamini. Nusu ya kwaya ikapanda kilima. Mama mmoja akamtupia mwenzake mtoto. Ilichukua muda mpaka Mzee Obwocha akapaza sauti, "Simameni! Simameni, kwa jina la Bwana!" na watu wakasimama walipo, wanahema.

Nikainua kichwa. Jeneza lilikuwa limelala upande, kifuniko kimefunguka kiasi cha kiganja upande wa miguu, na kutoka kwenye ule ufa kilikuwa kimedondoka kikopo kidogo cha bati, kirefu, kimefungwa kwa uzi. Kimelala kwenye udongo mwekundu. Hakuna aliyekisogelea.

"Hiki ni nini?" akauliza Mzee Obwocha.

Mtu mmoja nyuma, mpaka leo sijui nani, akasema polepole, "Ni dawa."

Ninyi mnajua kwetu neno hilo linafanya nini. Nilisikia likipita kwenye umati kama upepo kwenye mahindi: dawa, dawa, wamemwekea dawa. Na la pili likafuata, lile la Kigusii ambalo watu hulisema bila kufungua mdomo sana: omorogi. Mchawi. Maana nani alimvika marehemu? Nani alikaa naye usiku wa mwisho mlango umefungwa? Nikaona watu wanaanza kusogea mbali na Mama Bosibori, si kwa haraka, hatua moja, hatua nyingine, mpaka akabaki amesimama na binti zake tu, mikono imeshika shuka kifuani.

Mzee Obwocha akanigeukia. "Zablon, uliona nini?"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, si kule kukimbia. Nilikuwa nimesimama na suruali iliyopasuka, mbele ya vijana wangu wote, nikatafuta jibu litakaloniacha na heshima kidogo, nikasema, "Nilisikia akigonga, mzee. Mara tatu."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Marehemu mwenyewe anashtaki." Na mtu mwingine akaokota jiwe. Nililiona jiwe lenyewe, si kubwa, la kutosha kiganja.

Mama Bosibori alinitazama tu. Yule mama alikuwa akinipa uji kila nilipokwenda kwao kusoma nota, na sasa ananitazama bila hasira, anashangaa tu, kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

Kinywa kikafunguka kabla sijaamua.

"Hapana! Ngojeni. Mimi nilikwenda sinema."

Hakuna aliyeelewa. Mzee Obwocha akasema, "Nini?"

"Jumapili. Kisii mjini. Niliona picha ya maiti anayegonga jeneza mara tatu halafu anatoka. Sijalala tangu siku hiyo. Niliposikia kitu kinagonga humu, nikadhani ni yale. Mwalimu hakugonga, mzee. Mwalimu amelala. Ni mimi niliyekuja na maiti wangu kutoka mjini."

Kijana mmoja katika darasa langu akacheka, mama yake akampiga kofi. Nikatoka kwenye chai, nimeshika suruali kwa nyuma kwa mkono mmoja (mnaweza kucheka hapo, mimi mwenyewe sasa nacheka), nikakiendea kile kikopo. Nusu yangu bado ilikuwa kwenye ule ukumbi wa giza. Nikakata uzi kwa meno, nikafungua.

Ilikuwa miwani. Ile miwani, mkono mmoja umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Nikaiinua juu watu waione. Yule mtu mwenye jiwe akaliachia lenyewe lianguke.

"Mama," Mzee Obwocha akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akitafuta maneno. "Unajua tunavyoamini. Siku ile ya ufufuo, Mwalimu hatahitaji miwani."

"Najua, mzee," Mama Bosibori akasema. "Kichwani najua. Lakini miaka thelathini kila akiamka alianza kuipapasa, na kama haipo anahangaika. Nikasema, akiitwa, asianze kwa kuhangaika."

Mvua ikaanza, matone makubwa ya kwanza. Mzee Obwocha akasimama hapo ikimnyeshea kichwani, kisha akanipokonya miwani na kikopo, akaitia, akakifunga mwenyewe, akakirudisha jenezani kwa mkono wake, akaagiza nyundo. Walipomaliza kupigilia, mtu mwingine akaja kushika nafasi yangu. Mama Bosibori akamzuia.

"Zablon atashika. Pale pale alipokuwa."

Nikashika. Na kutoka pale mpaka kaburini, kila hatua ya mteremko, kando ya sikio langu, ko, ko, ko, nami nalia kwa sauti kama mtoto, hatimaye namlilia mwalimu wangu.

Nyabuto alichechemea mwezi mzima. Mimi niliondolewa kufundisha vijana mpaka mwaka ukaisha, na ilikuwa haki. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Mama Bosibori kuomba msamaha, naye akanipa jembe nimlimie kwanza, tukazungumza baadaye.

Watu huniuliza kama sinema ilikuwa na pepo. Mimi sijui habari za pepo wa sinema. Ninachojua ni kwamba niliambiwa inuka, nikasema ngoja kidogo, na kwa ajili ya hiyo ngoja kidogo nikashindwa kutofautisha upendo wa mjane na kazi ya Shetani, mchana kweupe, mimi niliyekwenda kule eti nijifunze kumtambua. Nikaapa siku ile: sitalipa tena kuingia mahali nikatishwe. Na moyo ukiniambia toka, siku hizi sibishani nao, naondoka na kofia mkononi, hata kama hadithi imefika patamu.