Ukurasa wa Mji Ulio Nyuma ya Magarini

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, vitabu vya kuwaongoza wasafiri vilieleza magofu na fukwe za Malindi, kisha vikarukia Lamu. Miji ya nyuma ya Magarini haikuwa na hata ukurasa mmoja. Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni iliyokuwa ikiandaa kitabu kipya cha aina hiyo, Mhariri Mkuu alinikabidhi mmoja wa miji hiyo na kuniagiza niuandikie rasimu, yaani andiko la awali ambalo angelipitia yeye kabla ya kuchapishwa.

Mji wenyewe ulikuwa safu mbili za maduka ya mabati, msikiti, kanisa, na soko la mahindi na makaa. Wakulima wa Kigiriama waliuanzisha kwa kufuata kisima. Wachuuzi wa kutoka bara walifika baadaye. Mama mwenye mkahawa alinikirimu kwa mahamri na mbaazi, akaniuliza wageni wangeanza kuja lini.

Mahali ambapo hata leo sipataji, palisimama kigango: nguzo ya mbao iliyochongwa kwa sura ya mtu, ambayo husimikiwa marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kikishasimikwa hakihamishwi. Wakati huo vigango vilikwisha kuanza kuibwa na kuuziwa watalii. Ndugu wa marehemu, mzee mwembamba, aliipokea shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho nilipomweleza kazi iliyonileta.

"Andika kisima, mwanangu, andika na soko. Wageni wakitaka kuona mti mkavu, waje wanitazame mimi." Kisha akaacha mzaha. "Huyu ni ndugu yangu. Akichukuliwa, halafu atujie ndotoni kuuliza yuko wapi, tumjibu nini?"

Niliandika yote isipokuwa kigango. Mhariri Mkuu, mtu wa adabu nyingi, aliisoma rasimu mara mbili.

"Bwana, msafiri hatoki Malindi kula vumbi ili akatazame mahindi. Nasikia kuna kigango. Kiko wapi?"

Nilimjibu kwamba kipo, na kwamba njia ya kukifikia sitaiandika.

"Basi hatuna ukurasa."

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii huniuliza kama mwandishi wa miongozo hulazimika kuandika kila akionacho. Sina kanuni ya kuwapa. Mama mwenye mkahawa naye alikuwa na haki yake, na hatimaye aliufunga kwa kukosa wateja. Kitabu kilichapishwa bila mji ule. Mimi nilihamishiwa Kilifi kuhakiki ratiba za mabasi, nikabaki huko hadi mwisho wa utumishi wangu. Mzee alifariki, akachongewa kigango chake. Viwili hivyo vimesimama bega kwa bega.