Breki Niliyoomba Itolewe

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mpaka leo nikiwaza ile breki nasikia zinanipanda. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nafundisha hapa Songea, nakaa Ruhuwiko. Gari nilinunua kwa sababu moja tu: mama yangu, anayeishi Mpitimbi, ana presha, na kila mwezi lazima afike kliniki mjini. Alikuwa anadandia malori ya mahindi, na umri ule! Nikasema basi, imetosha. Nikachukua gari dogo la mtumba kutoka Japani, na kitabu chake cha maelezo kimeandikwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Nani akisome?

Siku moja ya mvua nateremka peke yangu, ng'ombe akakatiza. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Lo! Pedeli ikaanza kutetemeka chini ya mguu, grrr, grrr, kama mashine ya kusaga. Gari lilisimama vizuri na ng'ombe akapita zake, lakini mimi jasho lilinitoka. Nikajua breki imekufa.

Nikaenda kwa fundi wangu, anayetengeneza magari ya walimu karibu wote wa shule yetu. Hakushangaa hata kidogo.

"Madam, hiyo ni ABS. Wateja wote inawasumbua. Nichomoe fyuzi yake usahau."

"Chomoa," nikamwambia.

Akachomoa. Taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Nikalalamika kwamba inanikera. Akafungua dashibodi, akatoa na balbu. Nikalijaribu gari, pedeli imetulia tuli. Jamani, nilivyomsifia! Nikaenda kumtangaza shuleni, na walimu wenzangu wawili wakapeleka ya kwao, nayo yakachomolewa. Ndivyo tulivyo. Wenzetu wanaumiza vichwa kuweka kitu, sisi tunampelekea fundi akitoe.

Mwezi uliofuata nikaenda kumchukua mama. Alikaa mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani, ananisimulia habari za shamba. Manyunyu yalishaanza. Kwenye kona ya mteremko tukakutana na baiskeli yenye magunia ya mkaa, iko katikati ya njia. Nikakanyaga breki, magurudumu yakagoma kuzunguka. Nikakata usukani, gari halikunisikiliza kabisa, linateleza tu moja kwa moja. "Yesu na Maria!" mama akapiga kelele. Mwenye baiskeli aliitupa akaruka pembeni. Sisi tukapita juu ya magunia, tukaishia mtaroni. Mama alijigonga bega na kung'ata ulimi. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kitenge.

Gari likapelekwa kwa fundi wa umeme wa magari, mtu mwingine kabisa. Akatazama dashibodi, akaniuliza balbu iko wapi. Nikamweleza.

"Kule kutetemeka ndiyo kazi ya ABS," akasema. "Inashika na kuachia haraka haraka ili magurudumu yasikwame, uweze kukata kona. Wewe ulitakiwa ukanyage tu na kushikilia."

Nilitoka pale hasira zimenipanda, nikaenda kumvaa yule fundi wa kwanza. Akanitazama kwa upole. "Madam, si ulisema mwenyewe chomoa?" Wale walimu wawili nao nikawaonya. Mmoja akacheka, eti la kwake halijamsumbua. Nimechoka mpaka basi.

Fyuzi ikarudi, balbu ikarudi. Nikalijaribu gari kwenye uwanja wa shule uliolowa, mara tatu nzima, likasimama na kukata kona vizuri. Siku ya kliniki nikafika Mpitimbi mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alishajifunga nailoni ya kujikinga mvua mwilini, bodaboda inamsubiri mlangoni. Nikamweleza yote, ya fyuzi, ya balbu, ya uwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Ila siku ile nilikuona unakanyaga, na gari likaenda tu."

Akapanda. Niliwafuata nyuma mpaka mjini, mvua inanyesha. Kila mteremko mwenye boda alikuwa anaburuza miguu kwenye matope ili apunguze mwendo, mama amemshika kiunoni, na mimi nyuma yao, ndani ya gari zima lenye kiti kitupu, naendesha huku nalia.